Nyenje wa Wimbo wa Saba

Siku ile Mawien alimwita Waiswa mwizi mbele ya wateja, na hakuwa ameibiwa pesa wala simu. Alidai ameibiwa nyenje.

Kazi ya Waiswa, mtu wa Uganda, pale Hai Cinema mjini Juba ni kupakia nyimbo. Unampa memori kadi, unamtajia unachotaka, anakuwekea kutoka kwenye kompyuta yake yenye vumbi, na ukichoka kusubiri unanunua chapati kwa mkewe Olivia, ambaye jiko lake liko mlangoni hapo hapo. Kadi ya zamani ya Mawien ilikuwa imekufa, na kwa wiki mbili alikuwa ametembea mjini kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Alipokabidhiwa mpya alivaa hedfoni palepale, akaruka moja kwa moja hadi wimbo wa saba, akafumba macho, akasubiri. Kisha akavua hedfoni taratibu.

"Umekata wimbo," alisema.

"Mimi? Kata nini, ssebo?"

"Mwisho wake. Vifuniko vya sufuria vikinyamaza kuna nyenje. Analia dakika moja na nusu, halafu kijiko kinagonga glasi. Hapa kijiko kipo, kwa mbali. Nyenje hayupo."

Waiswa alicheka. "Mimi iko fanya hii kazi miaka nane. Watu iko nalia sababu ya simu, sababu ya nyimbo. Hakuna mtu alishakuja kulilia dudu."

"Usinicheke, buda. Nimelipia albamu nzima. Huu ni wizi."

Neno hilo lilimkata Waiswa kicheko. Mgeni katika mji wa watu haachi neno kama hilo lilale mbele ya mlango wake. Alichomoa hedfoni, akaunganisha simu ya Mawien na ile spika kubwa ya kuitia wateja, akapandisha sauti hadi mwisho. Vifuniko vya sufuria vikalia mtaa mzima, vikapungua, vikanyamaza. Mawien akakunja mikono kifuani, tayari kushinda kesi.

Kinyozi wa jirani alizima mashine asikilize. Wateja wawili wakainua shingo. Olivia akabaki na mwiko mkononi, kisha uso wake ukang'aa.

"Banange! Si huyu hapa? Kri, kri, kri! Mzee, wewe hapana sikia?"

Watu walicheka. Hawakuwa na ubaya, ni kile kicheko cha watu walioshinda juani bila jambo. Mawien naye akacheka, akatikisa kichwa, akasema, "Aa, kweli, huyu hapa. Kumbe ni hizi hedfoni zangu." Akamwomba Waiswa msamaha, akanunua chapati nne ambazo hakuzihitaji, akaondoka. Hakuwa amesikia nyenje yeyote. Alichosikia baada ya vifuniko ni kicheko cha watu.

*

Tuseme ukweli, albamu yenyewe si ya kila mtu. Inaitwa Paa la Jirani, na aliyeitoa ni dada mmoja wa Nairobi aliyejiita Bisbisi, akatoa hiyo moja tu kisha akapotea. Nyimbo kumi na moja, na hakuna kiitikio hata kimoja. Wimbo wa kwanza ni fundi anachomelea geti. Wa tatu ni cherehani, dakika nne, na Bisbisi anatupia mistari pale uzi unapokatika. Ukiucheza kwenye harusi, bwana harusi mwenyewe atakuja kuuzima.

Mawien aliipata wakiishi Githurai kule Nairobi, chumba kimoja, mkewe Nyandeng akiwa na mimba ya Agum, na Agum sasa ana miaka kumi na mitatu. Mawien amerudi nayo Juba. Amewachosha nayo wenzake wote wanaopakua mizigo ya ndege pale uwanjani. Wakati wa chai, mtu akiuliza tu kwa bahati mbaya, Mawien huweka kikombe chini kama mhubiri.

"Wengine wanarap juu ya maisha," husema. "Huyu alienda akarekodi maisha yenyewe, halafu yeye akarap kidogo tu, pale pembeni, kama mpangaji anayeogopa kusumbua. Si kelele hizo, jamani. Sikilizeni mpangilio wake."

Wimbo wa saba ndio roho yake. Unaitwa "Sufuria." Mama anapika, mwenye nyumba amesimama mlangoni anadai, na vifuniko vya sufuria ndiyo ngoma, vinaongezeka, vinaongezeka, mpaka mtu unataka kutupa simu dirishani. Halafu vyote vinakoma, na anabaki nyenje. Mawien alilelewa Kakuma, kambini kwa wakimbizi, chini ya mabati, mahali ambapo mtoto wa jirani akikohoa unaamka wewe. Hakuwahi kujua kimya. Siku ya kwanza kumsikia nyenje yule alilia machozi, mwanaume mzima.

"Amemaliza kelele zote, akanipa mdudu mmoja," alimwambia Nyandeng siku hiyo. "Hiyo ni heshima."

Nyandeng ni fundi wa nguo. Ana cherehani yake kwenye baraza la duka moja Nyakuron, karibu na nyumba waliyopanga. Hakuwahi kuipenda albamu. "Mimi nashinda kwa cherehani kutwa nzima," alikuwa akisema, "na wewe unatoa pesa usikilize cherehani ya mtu mwingine. Kuna ugonjwa huo?"

*

Jioni ya siku ile ya Hai Cinema, Mawien alimkuta mkewe anakata kitambaa cha sare. Aliweka simu mezani kati ya chaki na mkasi.

"Sikiliza hapa mwisho, uniambie kuna nini."

"Kuna kelele zako."

"Baada ya kelele."

"Nyenje wako huyo. Kwani amefanya nini tena?"

Mawien aliinamia simu. Nyandeng akaendelea kukata, kisha mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Alimwangalia mumewe, akaangalia simu inayolia kri, kri mezani, akamwangalia tena.

"Baba Agum. Humsikii?"

"Vifuniko nasikia. Wewe nakusikia. Mogga akifoka kazini nasikia. Ni huyu tu." Alikuwa anaongea kama mtu anayekiri kosa polisi. "Wiki mbili zilizopita sikuwa na kadi. Kabla ya hapo, sijui. Labda nilikuwa namkumbuka tu, nikidhani namsikia."

Nyandeng alikaa. Mambo mengi yalimrudia kwa pamoja: Agum akiita baba mara tatu, birika likipiga mluzi na mwanaume amekaa kando yake kama jiwe, yeye mwenyewe akinuna wiki nzima kwa kutojibiwa. "Nilidhani ni madharau," alisema. "Mungu anisamehe. Nilidhani umenichoka."

"Mimi nilidhani nyinyi siku hizi mnanong'ona."

Wakacheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. Miaka tisa Mawien amesimama chini ya injini za ndege. Kampuni iliwapa vijidude vya njano vya kuziba masikio, lakini hakuna aliyevivaa, maana ukiziba masikio husikii mwenzako akikupigia kelele uhepe. Ndivyo walivyofanya kazi wote, masikio wazi ili wabaki hai.

"Na trekta?" Nyandeng aliuliza. "Ile ya kuvuta matoroli. Si hulia pi, pi, pi ikirudi nyuma?"

"Naiangalia."

"Na ikiwa mgongoni kwako?"

Sauti ya trekta ni nyembamba, ndugu wa sauti ya nyenje. Mawien alijua hilo tangu Hai Cinema, njia nzima. Alichukua mkasi wa mkewe, akaufungua, akaufunga.

"Usimwambie mtoto," alisema.

*

Msiba ukitaka kukupata hauchelewi. Wiki hiyo hiyo trekta ilimkanyaga mpakuaji mmoja mguu, na Mogga, mkubwa wa zamu, akawakusanya watu kando ya ghala. Mogga ni mtu wa Juba hasa, Kiswahili chake alikiokota Uganda wakati wa vita, na hasira zake huzitoa kwa Kiarabu.

"Kalam wahid," alisema. "Neno moja tu. Wiki ijayo sista ya hospitali anakuja na mashine, watu yote iko pimwa masikio. Mtu ya masikio mbaya, uwanjani mafi, hakuna! Anaenda ghala."

Hakuna aliyeuliza ghalani kunalipaje. Wote walijua ni nusu ya mshahara. Kwa nyumba ya Mawien, nusu ya mshahara maana yake ni nyumba bila shule au shule bila nyumba, na Agum alikuwa mwaka wa mtihani. Nyandeng alipopewa habari hakulia wala hakuomba. Aliuliza tu wanapimaje.

Jibu aliwaletea Alfayo, mpakuaji mwenzake Mawien, ambaye alishawahi kupimwa kwenye kazi ya kwanza aliyokuwa nayo. "Usihangaike na mashine, hangaika na mkono wake," alieleza, amekaa kwenye kiti cha wateja cha Nyandeng. "Unavaa hedfoni, sista anabonyeza, ukisikia unainua mkono. Lakini anabonyeza kwa mkono huu, na huu mwingine umeshika kalamu. Akibonyeza, kalamu inashtuka. Wewe cheza na kalamu. Nusu ya watu wa kule walipita hivyo."

"Na wasiposikia kweli?" Nyandeng aliuliza.

"Shemeji, kusikia ni kwa watu wa redio. Sisi tunabeba mizigo."

Kwa hiyo walifanya mazoezi. Jioni tatu mfululizo Nyandeng alikaa mbele ya mumewe, kalamu mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukibonyeza kitufe cha tochi chini ya meza. Mara ya kwanza Mawien alikosa sita kati ya kumi. Siku ya tatu hakukosa hata moja. Alikuwa ameanza kuona hata mshipa wa kifundo cha mkono wa mkewe ukijiandaa. Agum aliingia akauliza wanacheza mchezo gani. Wakamwambia ni wa wakubwa, naye akaona aibu akatoka.

"Hivi tunafanya vizuri kweli?" Mawien aliuliza mara moja.

"Wewe una lingine? Lete hapa mezani."

"Naweza kumwambia Mogga tu."

"Umwambie, halafu mwenye nyumba nimwambie mimi? Sikio la kufa..." Nyandeng akajiuma mdomo. Methali hiyo alikuwa akimtupia kila siku, akikataa kula au kubadilisha shati, na leo ilimgeukia kinywani. "Pole. Sikumaanisha hivyo. Inua mkono, Baba Agum. Mungu atatuelewa."

*

Sista alikuwa dada mpole, mwenye haraka, aliyechoka. Alimketisha Mawien akitazamana naye, akamvisha hedfoni, akaangalia karatasi yake. Kalamu ilishtuka, Mawien akainua mkono. Ikashtuka, akainua. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Ndani ya hedfoni hapakuwa na kitu isipokuwa, mara chache, mvumo mzito kama wa friji. Mara moja sista alijikuna shavu kwa kalamu, na Mawien akakaribia kuinua mkono kwa ajili ya shavu.

"Baba, una masikio ya kijana," sista alisema, akagonga muhuri.

Alipotoka, wenzake walimpiga mgongoni. Hakuona furaha aliyoitarajia. Alijiona kama mtoto aliyepewa zawadi ya somo asilolijua. Nyandeng aliiweka karatasi ndani ya Biblia, akapika kuku, na hakumwangalia mumewe usoni wakati wa kula.

*

Wiki tatu baadaye Mawien alirudi na ovaroli iliyochanika.

"Msumari wa kreti," alisema, akaitupa kitini. "Nishonee, kesho niko zamu ya asubuhi."

Nyandeng aliichukua barazani kwenye mwanga. Unaweza kumdanganya mwanamke kwa maneno, lakini fundi humdanganyi kwa nguo. Msumari hutoboa kisha hupasua, mstari mmoja, na nyuzi hubaki zimeelekea upande mmoja. Hapa kitambaa kilikuwa kizima. Kola ndiyo iliyong'oka kwa nyuma, mshono wote, na vifungo viwili vya mbele vilikuwa vimeruka, yaani koo lilibanwa kwanza. Huo ni mkono wa mtu. Mtu mwenye nguvu alimkamata mumewe kwa kola akamvuta kwa nyuma, kwa haraka, bila kuwa na muda wa kumwita.

Au alimwita, Nyandeng aliwaza. Alimwita mara ngapi?

Alishona kola mara mbili, akatafuta vifungo vinavyofanana, akavikaza. Yeye ndiye aliyeshika kalamu jioni zile tatu. Hakuna mwingine wa kumlaumu.

*

Jumapili walirudi kanisani, Agum akabaki na kwaya. Mawien alivua viatu akajinyoosha. Nyandeng akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Githurai.

"Weka ile albamu yako," alisema.

Mawien aliketi. "Wewe? Unaumwa?"

"Weka wimbo wa saba. Halafu nipe simu, ugeuke uangalie ukuta."

"Mama Agum, nimeshapita hiyo mitihani."

"Umepita wa sista. Huu ni wangu. Vifuniko vikiisha, nyenje akianza, inua mkono. Akimaliza ushushe."

Mawien aligeuka. Hakuna kalamu ya kuangalia sasa, ukuta tu wenye kalenda ya kanisa. Bisbisi akaanza kurap, mwenye nyumba akagonga mlango, vifuniko vikapanda, vikapanda, vikakoma. Nyenje akalia, na palepale, wala si kabla wala baada, mkono wa Mawien ukainuka. Ukakaa juu dakika moja na nusu. Kijiko kikagonga glasi, ukashuka.

Nyandeng alimshika bega. "Umemsikia! Kweli umemsikia?"

"Si nilikuambia? Ilikuwa uchovu tu. Yanarudi polepole." Alikuwa anatabasamu, na hakuwa anadanganya. Alimsikia.

Nyandeng alikaribia kuishia hapo. Moyo wake wote ulitaka kuishia hapo. Lakini yeye ni fundi, na hakuna mshono aliouamini maishani kabla ya kuuvuta mara mbili.

"Rudia," alisema. "Geuka tena."

Vifuniko vikapanda, vikakoma. Nyandeng akazima simu.

Chumba kilinyamaza. Nje mtu alikuwa anamwaga maji ya kufulia. Mawien alikaa wima mbele ya ukuta, akangoja kiasi kile kile cha kungoja, na mkono wake ukainuka. Uliinuka kwa upole, kama wa mtu anayejibu jina lake kanisani. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, na Nyandeng aliuona upande wa shavu lake ukitabasamu. Alikiangalia kioo cheusi cha simu, akauangalia ule mkono, na machozi yalimtoka bila sauti. Dakika moja na nusu ni ndefu sana kwa mtu asiyesikiliza chochote.

"Kijiko," alisema Mawien, akaushusha mkono, akageuka. "Umeridhika?"

Ndipo alipoiona simu.

"Umeizima saa ngapi?"

"Kabla ya nyenje."

Alichukua simu kutoka mkononi mwa mkewe, akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha. "Lakini nilimsikia," alisema. "Nyandeng, nakuapia. Alikuwa wazi kabisa."

"Najua. Na huyo anayekuvuta kola, ni Mogga? Mara ngapi?"

"Mara mbili," alisema Mawien. "Ya pili trekta iligusa kiatu. Alisema mara ya tatu hanivuti, ataiacha inigonge."

Nyandeng alitoa ile karatasi ndani ya Biblia, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli iliyoning'inia mlangoni. "Kesho tunaenda wote kwa Mogga. Utamrudishia. Mimi nitamwambia nilishika kalamu."

"Na nyumba? Na mtihani wa Agum?"

"Sijui," alisema Nyandeng. "Sijui hata kidogo. Nitashona mpaka usiku, tutahamia chumba kimoja, tulishakaa chumba kimoja. Lakini sitakushonea kola nyingine."

Walikaa kitandani bega kwa bega, wamechoka kama watu waliohamisha nyumba. Maji ya kufulia yalikwisha huko nje. Baada ya muda mrefu Mawien aliuliza, bila kumwangalia, "Hata sasa hivi, ukiiwasha, yumo tu?"

"Yumo."

"Analia vipi siku hizi?"

Swali la kijinga, na Nyandeng hakucheka. Hakuwasha simu. Alisogea, akaweka mdomo karibu na sikio la mumewe, na kwa sauti nzito, ile ambayo Mawien bado aliisikia, fundi wa nguo wa Nyakuron ambaye miaka kumi na mitatu aliiita albamu ile kelele, akaanza kumwigizia nyenje. Kri. Kri. Kri.

Mawien alifumba macho, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Unaharakisha," alisema. "Yeye hupumzika kidogo kabla ya ile ya tatu."